UZI: Kuchagua na kuandaa bunduki ya shabaha ya mbali kwa preridogi, nyanda za South Dakota

NyasiFupi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Tangu niweke zile picha za nyanda za huku napokea ujumbe faragha karibu kila siku, na swali ni lilelile: "Kaka, ninunue bunduki gani?" Wengi ni ndugu zetu walioko Nebraska, Minnesota na Colorado ambao wameshaalikwa na majirani zao kwenda kupiga preridogi na hawataki kwenda kubahatisha. Naandika mara moja hapa hadharani, ili wanaojua zaidi wanisahihishe.

Kwa asiyemfahamu, preridogi si mbwa. Ni jamii ya kindi, mchimba mashimo, uzito wake kama kilo moja. Akisimama wima mlangoni pa shimo ana urefu wa sentimita 30 hivi, na upana wake haufiki kiganja cha mtu mzima. Wanaishi kwa mamia mahali pamoja, na wenyeji huita mahali hapo "mji". Mzee mwenye ranchi ninakokwenda hana ugomvi nao wote, ila wanapovuka kuingia malisho ya ng'ombe wanakata nyasi mpaka udongo unaonekana. Hapo ndipo anapotuita.

Niseme la moyoni kabla ya vyuma. Preridogi aliyejeruhiwa hujikokota akaingia shimoni, na huwezi kumfuata ukammalizia. Kwa hiyo ukiwa huna uhakika wa kuweka risasi ndani ya ukubwa wa kiganja kwa umbali uliopo, sogea karibu au acha. Yote yanayofuata nayaandika kwa sababu hiyo.

Hesabu ya shabaha

Watu wa shabaha hupima kwa dakika ya pembe, kifupi MOA. MOA 1 kwa yadi 100 ni inchi 1.047, yaani sentimita 2.7 hivi. Kwa yadi 300 inakuwa sentimita 8. Sasa fikiria: bunduki ya MOA 1, ambayo kwa paa au kulungu ni nzuri kabisa, kwa yadi 300 inatawanya risasi kwa upana wote wa preridogi hata kama wewe hukukosea chochote. Hakuna akiba iliyobaki kwa ajili ya upepo. Ndiyo maana tunatafuta nusu MOA, au karibu yake.

Na hiyo nusu MOA iwe ya kweli. Dukani utaonyeshwa karatasi yenye matundu matatu yaliyogusana. Risasi tatu husifia bunduki kupita kiasi. Bunduki ileile inayotoa kundi (upana wa matundu yote pamoja) la inchi 1 kwa risasi tano, kwa wastani itatoa inchi 0.8 ukipiga tatu, na kama inchi 1.25 ukipiga kumi. Bunduki haijabadilika hata kidogo, idadi ya risasi ndiyo iliyobadilika. Mimi napiga makundi manne ya risasi tano, nachukua wastani, wala silitupi lile baya.

Kaliba

Kwa anayeanza, jibu langu ni .223 Remington, na sitalizungusha. Risasi zake zinapatikana kila duka, teke lake ni dogo kiasi kwamba unaiona shabaha kwenye darubini wakati risasi inafika, na mtutu unavumilia maelfu ya risasi. Kuona mwenyewe ulipokosea ni mwalimu mkubwa kuliko kitabu chochote.

.22-250 Remington ina kasi zaidi, na .220 Swift, iliyotoka Winchester mwaka 1935, ilivuka futi 4,000 kwa sekunde ikiwa na risasi ya greni 48 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi). Zote zinanyoosha njia ya risasi vizuri. Lakini zinakula mtutu: moto wa baruti nyingi kupita kwenye tundu dogo huunguza chuma pale mifereji inapoanzia. Siku ya preridogi unaweza kupiga risasi mia mbili, si mbili. .204 Ruger ya mwaka 2004 ni nzuri mno kwa kazi hii, teke dogo na kasi kubwa, ila risasi zake si za kila duka. .17 HMR ni tamu mpaka yadi 150 hivi. Zaidi ya hapo upepo unaibeba.

Upepo ndio wenye neno la mwisho. Risasi ya greni 55 ya .223, upepo wa pembeni wa maili 10 kwa saa, yadi 300: inasogezwa karibu sentimita 30. .22-250 kwa risasi ya uzito huohuo ni kama 24, na .204 yenye greni 40 inakaribia 22. Gawanya uone. Ukikosea upepo kwa maili 3 tu, ile .223 imeshakwenda pembeni sentimita 9, na mnyama hayupo hapo. Mtu akiniambia amekosa kwa sababu bunduki yake haina kasi, huwa namuuliza kwanza alisoma upepo kwa kuangalia nini.

Msokoto wa mtutu

Hapa ndipo nilipopoteza pesa zangu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ndani ya mtutu kuna mifereji inayojisokota ili risasi izunguke na kutulia hewani. Ikizunguka mara moja kila inchi 12 huandikwa 1:12. Bunduki yangu ya kwanza ilikuwa .223 iliyokwishatumika, mtutu mnene, msokoto 1:12. Nikasoma mahali kwamba risasi nzito hushinda upepo, nikanunua boksi kumi za greni 69. Kwa yadi 100 karatasi ilikuwa na matundu marefu kama mbegu ya tikiti. Risasi zilikuwa zinafika zimelala ubavu! Nilibadilisha darubini, nikakaza kila skurubu, nikalaumu macho yangu. Wiki tatu zilipita ndipo mzee mmoja pale uwanjani akaitazama karatasi, akaniuliza msokoto.

Kinachodai msokoto ni urefu wa risasi, uzito unafuata nyuma. Kuna kanuni ya Greenhill, Mwingereza wa mwaka 1879: chukua kipenyo cha risasi kwa inchi, kizidishe kwa chenyewe, zidisha kwa 150, gawanya kwa urefu wa risasi. Kwa risasi zenye kasi kubwa kama hizi watu hutumia 180 badala ya 150. Kipenyo 0.224, urefu wa risasi fupi inchi 0.75: unapata 12. Ndiyo maana mitutu ya zamani ya .223 ilitengenezwa 1:12, na .22-250 nyingi 1:14, kwa sababu zilikusudiwa risasi fupi na nyepesi. Greni 69 ni ndefu, inadai 1:9 au 1:8.

Ukinunua mpya leo, chukua 1:9 au 1:8, itakubali karibu kila kitu. Ukinunua iliyokwishatumika usiamini maandishi ya kwenye tangazo. Ingiza ufito wa kusafishia wenye kitambaa kinachobana, hakikisha mpini wake unazunguka, weka alama, vuta mpaka alama izunguke mara moja kamili, kisha pima umbali kwa rula. Kazi ya dakika mbili.

Bunduki yenyewe

Remington 700 (tangu 1962), Savage, Tikka T3x, Howa 1500. Ukichukua yoyote kati ya hizi yenye mtutu mnene hujakosea. Savage ina faida moja ninayoipenda: mtutu umefungwa kwa nati, kwa hiyo ukiisha unaweza kufunga mwingine nyumbani ukiwa na vifaa sahihi. Tikka bolti yake (kile chuma unachovuta na kusukuma kuingiza risasi) inateleza kama imepakwa mafuta. Howa mara nyingi ndiyo ya bei nafuu zaidi.

Mtutu mnene hauongezi usahihi kwa miujiza. Unachelewa kupata joto, na ukipata joto haupindi haraka. Uzito wake pia hutuliza bunduki juu ya mifuko ya mchanga. Triga iwe nyepesi, ya kilo moja au pungufu, ivunjike kama kijiti kikavu bila kujivuta. Lakini isiwe nyepesi kiasi cha kufyatuka ukigonga kitako chini. Jaribu hilo ikiwa tupu.

Darubini na kuifunga

Hapa ndipo wengi wetu tunabana pesa pasipobanwa. Afadhali bunduki ya kawaida na darubini nzuri. Ukuzaji wa 6 hadi 24 unatosha sana. Saa sita mchana mazigazi yanapoanza kuchemka juu ya nyasi, utaishusha mpaka 12 hata kama umenunua ya 40.

Iwe na kirekebishi cha paralaksi. Ukitikisa kichwa kidogo nyuma ya darubini na msalaba wa kulengea ukatembea juu ya shabaha, hiyo ndiyo paralaksi, na kwa mnyama wa upana wa kiganja inatosha kukukosesha.

Msalaba usimame wima. Mimi natundika timazi kwenye ukuta yadi 25 mbele, nailaza bunduki sawasawa kwa pima maji, kisha nazungusha darubini ndani ya pete mpaka mstari wa msalaba ulale juu ya uzi wa timazi. Msalaba ukiinama, kila ukipandisha darubini kwa umbali mrefu risasi inakwenda pembeni, na wewe utalaumu upepo.

Kisha ipime kama inasema kweli. Weka karatasi ndefu yadi 100, chora mstari wima kwa timazi hiyohiyo, piga chini, pandisha MOA 20, piga tena ukilenga palepale pa mwanzo. Tundu la pili liwe inchi 21 juu, kwenye mstari. Rudisha MOA 20, piga: lirudi kwa la kwanza. Darubini isiyorudi, irudishe dukani.

Suala la kitako, yaani mwili wa mbao au plastiki unaobeba mtutu, na namna ya kulaza ndani yake bodi ya chuma nitamwachia DadaFundi, kwa sababu ndiye aliyenitengenezea yangu.

---

KoyoteWaLincoln

Mkuu NyasiFupi, uzi mzito huu. Ila kwenye .22-250 umeionea. Nina yangu mwaka wa saba. Siri ni kutoupa mtutu joto. Nikifika risasi kumi naiweka pembeni bolti ikiwa wazi, nachukua .17 HMR kwa walio karibu. Mtutu ukikuunguza vidole umeshachelewa. Kwa yadi 350 na kuendelea, ile kasi inanisamehe makosa mengi ya kukadiria umbali.

NyasiFupi

Mkuu Koyote, nakubali, na mwenye bunduki mbili na nidhamu yako aichukue. Mimi namwandikia mwenye moja, siku yake ya kwanza, preridogi wamesimama kila upande na moyo unamwenda mbio. Huyo hatapumzisha mtutu. Umbali nao siku hizi unapimwa kwa kipima umbali cha leza, kwa hiyo faida ile imepungua kuliko zamani.

---

DadaFundi

Asante kwa kuniachia nafasi, kaka. Mimi ni fundi mashine, Texas. Kitako ni mahali ambapo bunduki nzuri huharibikiwa kimyakimya.

Anza na karatasi. Kunja noti au karatasi nyembamba, ipitishe kati ya mtutu na kitako kuanzia mbele mpaka karibu na bodi. Ikikwama popote, mtutu unaguswa. Mtutu unapofyatuliwa hutikisika, na ukigusa kitu mtikisiko haufanani kila mara. Vitako vya mbao huvuta unyevu na kujipinda, kwa hiyo iliyopita leo huenda isipite baada ya mvua.

Pili, bodi ya chuma inayobeba bolti ikae kitandani mwake bila kusukumwa. Fungua skurubu moja ya kitako ukiwa umeweka kidole kwenye mpaka wa mtutu na kitako. Ukihisi chuma kinanyanyuka, bodi ilikuwa imepindishwa. Dawa yake ni kuilaza kwenye epoksi yenye unga wa chuma. Unachonga kidogo ndani ya kitako, unaweka nguzo za alumini kuzunguka skurubu, unamimina epoksi, unakalisha bodi mpaka ikauke. PAKA DAWA YA KUZUIA KUNATA kila mahali chuma kinapogusa, na ziba matundu yote kwa udongo wa kufinyangia. Nimeletewa bunduki iliyogandishwa moja kwa moja na kitako, tukaikata kwa msumeno. Jino la chuma chini ya bodi, lile linalopokea teke, liguse epoksi upande wa nyuma tu. Mbele, pembeni na chini zungushia tabaka moja la utepe kabla ya kumimina, ukitoa panabaki nafasi.

Tatu, bisibisi ya kupimia nguvu ya kukaza. Si anasa. Pete za darubini paundi-inchi 15 hadi 18 zinatosha, ukizidisha unaibonyeza darubini. Skurubu za kitako chenye nguzo za alumini au chasisi ya alumini watu hufika 65, cha plastiki au mbao tupu ni chini sana ya hapo. Fuata kitabu cha mtengenezaji, kisha andika namba yako na uirudie ileile kila unapofungua.

---

Mgeni_Denver

Samahanini wakuu, mimi ni mwanafunzi, viza F-1. Rafiki yangu wa darasani amenialika. Naruhusiwa kushika bunduki yake?

NyasiFupi

Mdogo wangu, umefanya vizuri sana kuuliza kabla. Sheria ya shirikisho inamzuia mwenye viza ya muda, ya masomo au ya kazi, kumiliki au hata kushika bunduki na risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache. Kimojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo la Marekani. Mwenye kadi ya kijani yuko kundi lingine: anaweza kununua, atajaza fomu 4473 dukani na kukaguliwa kama raia. Kwako wewe, leseni kwanza, iwe mfukoni na isiwe imeisha muda, na zungumza na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya safari. Hata picha umeshika bunduki bila leseni usipige. Kosa hili linaweza kukutoa nchini.

---

Mwana_wa_Laikipia

Nasoma nikiwa Kenya. Nyani wanamaliza mahindi yangu. Haya yanaweza kunisaidia?

NyasiFupi

Pole sana ndugu yangu. Kwa Kenya hapana, uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, na nyani wanashughulikiwa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Kawaone, na ripoti hasara yako kwa maandishi. Tanzania nako ni afisa wanyamapori wa wilaya. Usijaribu ya huku.

---

BabaAmani_SD

Niongeze la mazingira. Kuna mnyama anaitwa fereti wa miguu myeusi, chakula chake karibu chote ni preridogi. Ilidhaniwa ametoweka duniani, mpaka 1981 walipoonekana wachache karibu na Meeteetse, Wyoming. Leo bonde la Conata hapa South Dakota ni mojawapo ya makao yake makuu, na huko kupiga preridogi kumezuiwa. Jimbo la Utah lina aina yake ya preridogi inayolindwa na sheria ya shirikisho. Kwa hiyo ramani kwanza, na kibali cha mwenye ardhi.

Bundi wa mashimoni naye anaishi kwenye mashimo yaleyale. Si kila kichwa kinachochungulia ni preridogi. Na mizoga msiishike kwa mikono mitupu, viroboto vyao hubeba tauni.

NyasiFupi

Asante sana Baba Amani, hili nilipaswa kuanza nalo. Kuna na jambo la madini. Lugha yetu inatumia neno moja, risasi, kwa kinachotoka mtutuni na kwa madini yenyewe, na hapa vinakutana kweli: tai na mwewe wanakula mizoga wakameza vipande vya madini hayo na kudhurika. Mimi nimehamia risasi za shaba zilizochanganywa na bati. Zingatieni kwamba madini yake ni mepesi, kwa hiyo kwa uzito uleule ni ndefu zaidi. Mnarudi kwenye msokoto. Mwenye 1:14 apime urefu kabla ya kununua.

Usalama pia: nyanda ni tambarare, risasi ikipiga jiwe hudunda mbali. Piga kutoka kilimani kuelekea chini, udongo uwe nyuma ya mnyama, wala usimpige aliyesimama kwenye upeo wa macho. Masikio weka vizibo viwili, vya ndani na vya nje. Mimi mwaka wa kwanza sikuvaa, na mlio ule bado unanifuata usiku.

---

KoyoteWaLincoln

Wakuu, nimerudi. Nilidhani yangu haina tatizo, nikajaribu karatasi ya DadaFundi kwa heshima tu. Imekwama kushoto, inchi nne kutoka mbele! Kitako cha walnati, na wiki iliyopita kulinyesha. Hiyo inaeleza kwa nini msimu huu makundi yangu yamekuwa yakielekea kulia. Nikwangue hapo tu?

DadaFundi

Usikwangue hapo tu, mjomba. Viringisha msasa kwenye kijiti kinene kuliko mtutu wako kidogo, pitisha mfereji mzima mbele na nyuma mpaka karatasi mbili zilizokunjwa zipite bila kugusa. Kisha paka vanishi ndani ya mfereji na kwenye mbao zote zilizobaki wazi, tabaka mbili au tatu, ili mvua ijayo isikurudishe ulipo. Ikikauka, kaza skurubu kwa namba yako ya zamani, piga risasi tano za kulainisha, halafu anza kupima upya kuanzia yadi 100, maana sifuri yako, yaani ulengaji uliouweka mwanzo, itakuwa imehama.